Gitaa la Mkato Mmoja

Magoma nilikwenda kupima watu, sikwenda kununua gitaa. Kwaya moja ya huko chini ilitaka majoho mapya, na kuna mtu alikuwa amewaambia kwamba Lushoto yuko fundi mwanamke anayejua kukata joho lisilomgeuza mwimbaji kuwa hema. Nikachukua futi yangu, chaki na sampuli za vitambaa, nikashuka mlima nimevaa sweta. Nilipofika Magoma sweta lilikuwa limeshaingia kwenye mkoba, na mimi nilikuwa natafuta kivuli kama kuku.

Kanisa lao lilikuwa linaezekwa upya, kwa hiyo wanakwaya walikuwa wameomba baraza kwa jirani, mzee mmoja Mwislamu aliyeishi na mkewe. Baraza lilikuwa pana, lina upepo, na mkewe mzee alikuwa mkarimu. Nikawapanga waimbaji mstari, nikaanza kuwapima mabega na vifua, huku wanaume wakivuta matumbo ndani kama kawaida yao na mimi nikiwaambia wapumue, maana joho litavaliwa na mtu anayepumua.

Nilipomaliza sauti ya pili nikaingia sebuleni kuomba maji. Ukutani, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na kitu kimetundikwa na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Kazi yangu ni maumbo. Hata mtu akijifunika blanketi naweza kukuambia bega lipi limeshuka. Kitu kile kilikuwa na kiuno, kilikuwa na nyonga, na upande mmoja tu wa bega ulikuwa umeingia ndani, kama kwapa lililokatwa kwenye gauni la mkono mmoja.

"Unaangalia nini, fundi?" mzee akaniuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Naangalia hicho kilichovikwa shuka, mzee wangu. Nani alikikata bega moja akasahau la pili?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia mkewe akishushe.

Lilikuwa gitaa la umeme. Mimi magitaa niliyoyajua kwa karibu ni yale yenye tumbo wazi na tundu katikati. Hili lilikuwa mti mtupu, kipande kimoja kinene kilichochongwa mgongo ukawa laini na kifua kikainuka kidogo. Ukingoni rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na kadiri macho yanavyoingia katikati inageuka kuwa asali. Jina la mtengenezaji kule kichwani lilikuwa limefutika kwa kushikwashikwa. Mzee alieleza kwamba lile bega limekatwa ili mkono wa kushoto upite, ufike kwenye sauti nyembamba kule chini ya shingo. Bega la pili hakuna mkono unaopita hapo, kwa hiyo likaachwa na mti wake.

"Na huo mti ndio unaofanya sauti ikae," akasema. "Ukigusa uzi, sauti haitoki mbio. Inakaa, inakutazama, ndiyo inaondoka."

Alikuwa amepiga gitaa katika bendi ya dansi Tanga, enzi za ujana wake. Alipiga rithimu, ile kazi ya nyuma ambayo watu hawaisikii mpaka ikosekane. Kisha akazeeka, akarudi kwao, na miaka ya karibuni akapata kiharusi kilichomwachia mguu anaouburuta na mkono wa kushoto usiokunja vidole.

"Wa kulia bado kijana," alisema, akaupunga hewani kunionyesha.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa na umri wa kupita arobaini, mwimbaji wa sauti ya pili tangu utotoni, na sikuwahi kushika chombo chochote cha muziki isipokuwa kengele ya shule. Lakini nikamwambia, "Mzee, mimi wa kushoto ninao."

Akanitazama. Akamtazama mkewe. Mkewe akachukua waya kabatini, akauchomeka kwenye redio kubwa ya kaseti, kama mtu aliyekuwa akisubiri aambiwe. Nikawekewa gitaa pajani, na uzito wake ukanishtua; lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Mzee akasogeza kiti, akakaa kuliani kwangu.

"Mama, samahani," alimwambia mkewe, "naazima mkono tu."

"Azima," mkewe akajibu. "Wangu uliukataa, ulisema una kucha ndefu."

Akanishika kidole kimoja kimoja, akakipanga juu ya nyuzi. Nilidhani nitaumia, lakini ncha za vidole vyangu zimechomwa na sindano tangu nikiwa msichana. Zimekuwa ngumu kama soli. Mzee akagonga kidole changu cha shahada kwa ukucha wake, akasema, "Hiki hakihitaji mazoezi. Hiki kimeshapona." Kisha akasema, "Bana," na kwa mkono wake wa kulia akapiga.

Niliihisi mbavuni kabla sijaisikia masikioni. Mti wote ulitetemeka ukiwa umenilalia tumboni, na sauti ikakaa, kama alivyosema, ikajaza sebule mpaka vikombe kabatini vikaitikia. Huko barazani waimbaji waliobaki wakaja kuchungulia dirishani. Mzee akapiga tena, akaingia kwenye mwendo wake wa zamani, chaka-chaka, chaka-chaka, mimi nimebana tu. Alikuwa amefumba macho. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufuma mkononi, hacheki tena.

Sauti ya tatu na ya nne niliwapima vibaya kidogo. Nilikuja kuwarekebishia pindo baadaye.

Bei tulielewana bila maneno mengi, kwa sababu mzee hakuwa anauza. Alikuwa anatafuta mtu. Sharti lake lilikuwa moja. Kila nitakapojifunza kitu, nimpigie simu asikie.

Nilipanda mlima nimelikumbatia gitaa lile, nimelifunga kwenye vitambaa vya majoho. Kwenye kona za Soni nilikuwa na maswali mawili. Nitamwambia nini mume wangu? Na nitamwambia nini mama mkwe?

Mume wangu ni mkulima wa karoti na kabichi, mtu wa maneno machache yaliyochaguliwa. Aliliangalia gitaa lililolazwa kitandani, akaniangalia mimi.

"Ulienda kupima watu," akasema, "umerudi na mtu."

Jioni ile ile nilimwona anafuta udongo kwenye spika yake ya magurudumu, ile ya kuchaji ambayo huenda nayo shambani kusikilizia mpira, anatafuta tundu la kuchomekea waya. Betri yake ilikuwa imechoka siku nyingi, ikawa inaishi kwa umeme wa ukutani tu, lakini tundu lilikuwepo.

Mama mkwe ni habari nyingine. Anaishi nasi, anaongea Kishambaa asubuhi mpaka jioni, na Kiswahili anakitoa kama sahani za wageni, kwa ajili ya daktari na mchungaji. Siku ya kwanza alipolisikia gitaa kwenye spika alisema "Ee Zumbe!", yaani Ee Bwana Mungu, akatoka na kigoda chake akaenda kukaa nje, chini ya mipeasi. Siku ya pili nililipiga bila umeme. Hapo ndipo nilipogundua jambo zuri kuhusu gitaa lisilo na tumbo: ukilinyima umeme linanong'ona tu, wewe unasikia, wa chumba cha pili hasikii. Nikaona nimepata suluhisho. Lakini mama mkwe alisikia. Akasimama mlangoni, akasema kwa Kishambaa kwamba jana ilikuwa kelele, lakini leo ni panya kwenye sufuria, na afadhali jana.

Basi nikawa napigia dukani kwangu, karibu na soko la Lushoto. Mchana ninashona. Alasiri, mzee akishasali na mimi nikishafunika cherehani, naweka simu mezani katikati ya pini na chaki, naipandisha sauti, napiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko kwenye barafu?"

"Salama. Joto lenu?"

"Lipo, linakusalimia. Haya, kodi ya G."

Siku ya kwanza aliposema kodi niliruka. Kwa mtu mwenye duka neno hilo lina maana moja tu, na halihusiani na muziki. Nilimwambia nimeshalipa. Nikamsikia anamsimulia mkewe, na wote wawili wakicheka kwa mbali. Kumbe kodi ni vile vidole kadhaa vikibana kwa pamoja sauti zikatoka kwa kupatana. Tangu siku hiyo, nikikosea, anasema, "Mapato wanakuja."

Alinifundisha kwa masikio. Hakuwa anaona mkono wangu, na simu yake ilikuwa ya vitufe, lakini alikuwa anajua kidole kipi kimelala. "Cha pete kimechoka, kiinue." Nakitazama, kweli kimelala. "Unabana kama unaua mbu. Bana kama unashika uzi kuutia kwenye sindano." Hilo lilinisaidia kuliko yote. Wateja wangu wakazoea kuja kuchukua nguo na kukuta fundi amekaa anabishana na simu. Wengine walikaa wakasikiliza. Mama mmoja muuza karoti akawa anakuja kila alasiri na mkoba wenye zipu mbovu, ile ile, anasema nimwangalizie, na akikaa haulizi tena habari za zipu.

Mkanda uliokuja na gitaa ulikuwa mwembamba, unakata bega. Nikashona wangu: mabaki ya suti ya bluu nje, sponji ya godoro ndani, mshono maradufu. Nililala nikiutazama. Mtu anaweza kuwa fundi miaka mingi asijishonee kitu kizuri hata kimoja.

Kwaya yetu ilikuwa na mpiga gitaa wake, lakini kijana huyo alipata kazi Sigi, ya kuongoza wageni msituni, akaondoka na gitaa lake. Tukabaki na kinanda peke yake. Mwalimu wa kwaya, ambaye kwa umri ni mwanangu lakini kwenye mazoezi ni mwalimu na ninamheshimu hivyo, akasikia habari za dukani kwangu. Akaja.

"Mama, nasikia unapiga."

"Najifunza, mwalimu."

"Jumapili tujaribu wimbo mmoja. Mmoja tu, wa pole pole."

Nilifanya mazoezi wiki nzima. Jumapili asubuhi nililipanga gitaa nyumbani, nikakaza kila uzi mpaka utoe sauti yake, jikoni, karibu na moto. Nje kulikuwa na ukungu mzito, ule wa mwezi wa saba ambao unaingia mpaka kwenye soksi. Nikatembea nalo hadi kanisani, nikangoja ibada, wimbo wetu ukaitwa. Nikasimama mbele ya watu wote ninaowashonea, kila mmoja amevaa kitu kilichopita mikononi mwangu, nikabana kodi ya kwanza.

Ilitoka kali, kama maziwa yaliyochacha. Kinanda kilikuwa mahali pake na mimi nilikuwa mahali pengine, juu kidogo, si sana, ile "si sana" inayouma zaidi. Nikadhani vidole vimekosea. Nikahamisha, ikazidi. Sauti ya pili, wenzangu niliosimama nao maisha yangu yote, wakanigeukia. Mwalimu akanipa ishara ya mkono, taratibu, kwa adabu: acha. Nikaacha. Nikasimama pale mpaka mwisho wa wimbo na ule mti kifuani, mikono imekufa, ninaangalia pindo la joho la mchungaji.

Nilipofika nyumbani nililitia gitaa uvunguni. Nikampigia mzee, nikamwambia ninamrudishia, huku nalisukuma kwa mguu liingie ndani zaidi.

"Ulilipangia wapi?" akauliza.

"Jikoni."

"Ukalipigia wapi?"

"Kanisani."

"Mwanangu, nyuzi ni chuma. Chuma kikipigwa baridi kinajivuta. Ulitoka na gitaa lililopangwa, ukafika na jingine. Sisi Tanga ilikuwa kinyume, joto linazilegeza. Fika mapema, kaa nalo lipoe, ndipo upange. Kosa si lako, ni la milima yenu." Kisha akaongeza, "Ila uvunguni si mahali pake. Nimesikia umelisukuma."

Sikumjibu vizuri. Nilikuwa nimeona aibu, na aibu haisikii maelezo. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye mipeasi, na mama mkwe alikuwa hapo anachambua maharage. Alikuwepo kanisani, alikuwa ameona yote. Nikangoja aseme kwamba alinionya.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, kwa Kishambaa, bila kuinua macho, "Gauni la kwanza ulilonishonea ulipoolewa hapa, mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine."

"Najua, mama."

"Nililivaa shambani miaka. Ule mkono mrefu nilikuwa nafutia jasho." Akatupa harage bovu. "Sikukwambia uache kushona."

Hakulipenda gitaa, na hajalipenda hadi leo. Lakini nililitoa uvunguni, na wiki iliyofuata nilifika kanisani kabla ya mzee wa kanisa mwenye funguo, nikakaa ngazini kwenye ukungu tukipoa pamoja, mimi na gitaa. Nilipolipanga upya, likakubali. Wimbo ulipita. Hakuna aliyepiga makofi wala kugeuka, na kwa mpiga rithimu hakuna sifa inayoizidi hiyo.

Baada ya hapo nikawa mtu wa gitaa. Siwezi kusema vinginevyo. Jumapili kwa Jumapili, nyimbo zikaongezeka, vidole vikaanza kwenda vyenyewe, na kwenye nyimbo za furaha mwalimu akaanza kuniachia nafasi ya kupiga peke yangu kidogo kule chini ya shingo, kwenye ule mkato. Kisha ikaja harusi ya Mtae.

Bibi harusi alikuwa binti wa mwimbaji mwenzetu mmoja, na anaolewa Mtae, kule mlima unapoishia na kijiji kimekaa kwenye mgongo wake kama kofia. Nilikuwa nimeshona magauni ya wasimamizi wote, rangi ya parachichi lililoiva. Kwaya ikaalikwa, na mimi nikaenda na kazi mbili: sindano mkobani kwa ajili ya dharura, gitaa mgongoni. Mume wangu akaja na spika yake, akaifunga nyuma ya gari kwa kamba za ng'ombe. Njia ya Mtae ni ndefu na ina mashimo yenye tabia mbalimbali. Tulifika vumbi limetupaka wote umri mmoja.

Uwanja wa sherehe ulikuwa ukingoni. Ukitazama upande mmoja unaona mabomba ya maji, mbuzi na watu wanaopika. Upande wa pili unaona nchi nzima ya tambarare imelala chini, na mawingu yanapita kati yako na yenyewe. Adhuhuri, jua kali, watu wamejaa kwenye turubai. Mpango ulikuwa kwamba maharusi wakitokea, gitaa litaanza peke yake, kisha kinanda, kisha sauti zote. Mwalimu akanipa ishara. Maharusi wakatokea. Nikapiga.

Sauti ilitoka mara mbili, tatu, tamu kabisa, halafu umeme ukakatika.

Nilikuwa sijajua. Niliendelea kupiga. Nilisikia ile minong'ono ya nyuzi karibu na kidevu changu nikadhani spika iko chini. Maharusi wakawa wanatembea kwa mwendo wa kucheza kwenye kimya kitupu, miguu yao inasikika kwenye vumbi. Bibi mmoja mbele yangu akamuuliza mwenzake kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Huyu mama anajikuna au anapiga?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akainua mikono, kwaya ikaingia kwa sauti tupu, wakaokoa jahazi. Kwaya yetu haihitaji umeme. Lakini bibi harusi alikuwa ameninong'oneza asubuhi, nikimfunga vifungo mgongoni, kwamba gitaa ndilo analolingoja. Nilimwona anatafuta kwa macho.

Mume wangu alikuwa ameinama kwenye spika, anabonyeza vitufe. "Betri yake imekufa zamani," akasema. "Ningejua ningebadilisha."

Mtu mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yetu na kofia yake ya kufuma, jirani wa wenye harusi, mkulima wa nyanya, akainama naye. "Betri yake ya namna gani?"

Mume wangu akafungua kifuniko, akamwonyesha.

"Mbona hii ni ya pampu yangu ya dawa?" mkulima akasema. Akaondoka, kanzu ameikunja mkononi ili akimbie vizuri, akapotea kati ya nyumba. Alirudi amebeba pampu ya kupulizia nyanya mgongoni, bluu, imekauka dawa pembeni. Wakaiweka chini, wakatoa betri yake, wakaifunga kwenye spika kwa nyaya na kipande cha utepe niliokuwa nao mkobani wa kushikizia pindo. Wanaume wawili waliokutana dakika ile wamepiga magoti katikati ya harusi kwa suruali na kanzu safi, wanaambiana shika hapa, hapana, nyekundu, nyekundu.

Spika ikapiga mlio mkubwa. Mbuzi wakakimbia. Taa yake ndogo ikawaka.

"Piga!" mume wangu akasema.

Kwaya ilikuwa inamaliza. Sikungoja ishara ya mtu. Nikaingia na mwendo wa mzee, ule wa chaka-chaka alionipigia siku ya kwanza, na sauti ikatoka ikaruka ukingo ule ikaenda tambarare. Mwalimu akashtuka, kisha akacheka, akaigeuza kwaya kwa mkono mmoja wakarudia wimbo kutoka mwanzo. Bibi harusi akaacha adabu za kukaa. Akainuka na kucheza, gauni limeshikwa pande zote mbili, na wasimamizi wote wa parachichi nyuma yake. Nikashusha mkono kwenye mkato, kule kwenye sauti nyembamba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikufikiri kidole kinakwenda wapi. Kilikwenda. Nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa. Yule bibi asiyesikia alikuwa amesimama, fimbo ameishika juu, hachezi kwa miguu, anacheza kwa mabega, na mabega yale yalikuwa yanajua.

Betri ilidumu mpaka keki ilipokatwa, kisha sauti ikaanza kufifia. Mkulima akairudisha kwenye pampu yake. Nikamshukuru sana, nikamwomba radhi kwa kummalizia chaji.

"Usijali, dada," akasema. "Nyanya zingeweza kungoja. Maharusi wasingeweza."

Jioni nilimpigia mzee nikamsimulia kila kitu. Aliniuliza swali moja tu, kama nilikimbiza mwendo. Nikasema kidogo. Akasema, "Harusini inaruhusiwa."

Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe. Mguu wake ulikuwa umepata nafuu, na mkewe alikuwa na ndugu wa kumtembelea Soni, wakaunganisha safari. Alifika amevaa koti la kiangazi, midomo imeshaanza kutetemeka. Mama mkwe alimtazama mara moja, akaingia ndani, akatoka na blanketi lake mwenyewe.

"Shikamoo," mzee akamwambia, maana mama mkwe anamzidi umri kidogo.

"Marahaba," mama mkwe akajibu, kwa Kiswahili cha wageni. "Kumbe wewe ndiye uliyemharibu mkwe wangu?"

"Mimi nilimpa gitaa tu, mama. Kuharibika alikuja nako."

Wakapatana hapo hapo. Walikaa kwenye mipeasi mchana kutwa, yeye na mkewe na mama mkwe, wakila mapeasi na kulinganisha maumivu ya magoti, mimi nikipika na kusikia vicheko tu. Baada ya chakula aliomba gitaa. Hakulishika, alitaka nilishike mimi. Akasema kuna wimbo mmoja ambao bendi yao ilikuwa ikiupiga mwisho wa dansi, wakati watu wanatafuta viatu vyao. Haukuwahi kurekodiwa. Wenzake wote waliokuwa wakiupiga wameshatangulia, na yeye amebaki nao kichwani.

"Nitakuimbia," akasema. "Wewe utafute."

Akaimba kwa mdomo, ti-ri-ri, taa-ra, blanketi mabegani, mkono wa kulia ukipiga goti. Nikatafuta. Mume wangu aliporudi kutoka shambani alisimama na jembe begani, hakuingia ndani. Mzee akiniambia juu, napanda, chini, nashuka, hapo, hapo, usitoke hapo.

Tangu siku ile, kwenye simu zetu za alasiri, ndio huo tunaoushughulikia. Nusu ya kwanza ninayo, imekaa vidoleni, naweza kuipiga nikiwa naongea na mteja. Nusu ya pili kila akiniimbia inakuwa tofauti, na nikimwambia hivyo, anasema aliyesahau ni mimi.